Mwanamke, Umri wa Makamo

Jumatatu, 4 Machi

Tumeingia herufi S. Mungu atusaidie, S haina mwisho! Mhariri Mkuu kagawa maneno asubuhi, kila mtu na fungu lake. La kwangu: maneno ya kusemana. Shutumu, suta, sengenya, simanga. Chumba kizima kikacheka. Mzee Mizizi (ndiye anayeshughulikia asili za maneno, na jina kalipata humo humo) kasema fungu limempata mwenyewe, ofisi nzima hakuna mwenye ulimi kama wangu. Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Kazi yenyewe naipenda, nisiseme uongo. Kamusi yetu ina kanuni moja kali: mfano wa kubuni marufuku. Kila sentensi iwe imetoka kinywani mwa mtu aliye hai, yuko katika shughuli zake, kasahau kabisa habari za kamusi. Ndiyo maana kila mmoja wetu kapewa simu ya ofisi ya kurekodia nyumbani. Yangu inakaa juu ya friji. Inarekodi jioni nzima, kisha inaituma sauti yenyewe ofisini. Kule anaipokea Masikio, mwenzetu wa kunukuu sauti — hedifoni kichwani kutwa — anachagua sentensi nzuri na kuziandika kwenye kadi. Jina la msemaji haliandikwi. "Mwanamume, mzee." "Mwanamke, kijana." Basi.

Mama mdogo hana shida na simu ile. Huwa anaisalimia! Alihamia kwangu nyonga ilipomkatalia ngazi za kwake, na tangu hapo yeye ndiye kisima changu. Kwenye K alinipa "kiherehere chake kingekuwa moto, tungepikia." Mhariri Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Sasa Mama mdogo anajitapa kwa majirani kwamba yumo kitabuni, na mimi namwambia kitabu chenyewe bado, asituletee nuksi.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemkaripia Mama mdogo. Ilibidi.

Siku ilianza vibaya. Mhariri Mkuu alinirudishia "shutumu" mbele ya watu, eti maelezo yangu yanazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Watu wakacheka tena. Nimerudi nyumbani kichwa kinagonga, na harufu naikuta ngazini. Maharage! Yameungua, sufuria nyeusi tii, moshi jikoni, na yeye yuko kwa jirani anapiga soga. Mara ya ngapi hii? Na taa ya sebuleni imeshinda inawaka.

Nikasema. Nilisema mengi kidogo. Alisimama pale na mkongojo wake akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema "Haya," akaenda chumbani kwake.

Atazoea. Maneno ya hasira hayo, nani hayasemi? Kesho yatakuwa yamepita.

Alhamisi, 7 Machi

Hayajapita.

Asubuhi nimemkuta kashakunywa chai. Chai bila sukari, Mama mdogo huyu anayetia sukari mpaka kijiko kinataka kusimama! Kisha akaniuliza: naomba kuoga, maji yanatosha? Anaomba! Nikamwambia maji si yapo tu. Akasema alikuwa anauliza tu.

Jioni nimemkuta sebuleni gizani, mikono mapajani. Nikawasha taa. Akasema asante. Asante ya taa! Kwetu nani anashukuru taa?

Nilimwambia asifanye hivyo. Akauliza, hivyo vipi? Nikasema basi tu, nikaenda jikoni. Mtu wa kushinda na maneno kutwa!

Huyu ndiye aliyenichukua siku mama yangu alipozikwa. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Alikuwa anashona sare za wanafunzi wa watu, na yangu akaishona kwa vitambaa vilivyobaki, rangi mbili tofauti, akaniambia nikiulizwa niseme ndio mtindo mpya. Nikasema hivyo. Wakaniamini.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui niyaandikeje haya.

Kikao cha kadi. Tukafika kwenye "simanga". Mzee Mizizi alianza na asili, kama ada yake. Kashifu, kasema, tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kufunua. Laumu nalo limetoka huko huko. Lakini simanga — akageuza karatasi zake, akazigeuza tena — hajaona ushahidi wowote kwamba tumeliazima kwa mtu. "Hili la nyumbani," kasema. Kwenye asili tukaacha wazi.

Tukaingia kwenye mifano. Mhariri Mkuu akachukua kadi za Masikio. Kasema kuna moja humu, tangu aanze kazi hii hajapata mfano ulioikalia maana yake namna hii. Akasoma kwa ile sauti yake ya mtangazaji:

"Unakula kwangu, unalala kwangu, na vyombo vyangu unaniunguzia! Bila mimi leo ungekuwa wapi? Huko kwako ulikuwa na nini?" Mwanamke, umri wa makamo.

Simu! Juu ya friji! Jumatano sikuikumbuka hata chembe. Imesikia yote, ikatuma. Nimejichongea mwenyewe.

Na maneno yale yakisomwa na mtu mwingine, polepole, hana hasira — mimi sikuwa nimeyasikia. Jumatano nilikuwa nayasema tu.

Mmoja kasema, lo, huyo mama hana haya. Mwingine kasema aliyeambiwa lazima ni yatima au mkwe, mtu na ndugu yake hawezi. Mhariri Mkuu akanigeukia: fungu lako hili, unasemaje? Na mimi — aibu tupu! — nikasimama nikajitetea bila kujitaja. Nikasema hilo si simango, ni karipio tu. Vyombo vimeungua, kosa lipo, aliyekosa kakaripiwa. Mzee Mizizi akakataa. Angeishia kwenye vyombo, kasema, lingekuwa karipio. Lakini "unakula kwangu" vyombo havimo tena hapo, anasemwa mtu na tonge lake. Nikabisha. Nilibisha mpaka sauti ikanipanda, na hapo ndipo nilipomwona Masikio. Hedifoni shingoni, macho mezani. Humu ndani ni yeye peke yake aliyesikia sauti yenyewe, na sauti yangu anaisikia kila siku.

Kadi imepita. Wote walinyoosha mikono. Nami nikanyoosha.

Jumapili, 10 Machi

Mama mdogo kamtuma jirani mkate. Anakula chumbani, anafuta makombo, anakuja kuosha kikombe chake kimoja na kukirudisha alipokitoa. Jana nilipika wali nikampelekea. Kasema ameshiba. Kashiba nini?

Simu nimeiondoa juu ya friji. Kaona. Kauliza, mmemaliza kitabu? Nikasema imeharibika. "Pole," kasema. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Jikoni humu zamani mtu akipita nje angedhani tuko watano. Tulikuwa wawili na simu.

Roho inanisuta. Suta nalo limo kwenye fungu langu, na mfano bado sijapata. Nisipate!

Jumatatu, 11 Machi

Nimemfuata Masikio kwenye kijichumba chake. Nilijiandaa njia nzima, nimepanga na la kuanzia. Kabla sijafungua mdomo akavua hedifoni, akanisogezea kiti, akauliza Mama mdogo hajambo? Nikasema hajambo. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kadi yoyote inaweza kutolewa, ila mwenye sauti aje mwenyewe kwenye kikao aseme kwamba ni yake. Hakusema mwenye sauti ni nani.

Nikamwambia sawa, nikimjua nitamfikishia. Nikimjua! Nilitoka pale mnyonge kama kuku aliyenyeshewa.

Yeye ni mdogo kwangu, na hajamwambia mtu. Ningekuwa mimi ndiye niliyeisikia sauti yake, ningekuwa nimeshamsema ofisi nzima kabla ya saa nne. Najijua.

Jumanne, 12 Machi

Balaa juu ya balaa. Mhariri Mkuu anataka wasemaji wakongwe waje ofisini, tuwaulize maneno haya ana kwa ana. "Mlete yule wako wa kiherehere!" Nikaleta visingizio: nyonga, ngazi, dawa za mchana. Kasema tutakaa chumba cha chini na gari atatuma. Nimekwisha.

Nikamweleza Mama mdogo. Uso wake ulichangamka, siku nyingi sijauona hivyo, hata akauliza avae lipi. Kisha akauliza: maneno gani? Nikasema mengi tu. Akanitazama kidogo.

"Nitakwenda," kasema, "ukiruhusu."

Ukiruhusu!

Jumatano, 13 Machi

Gauni lake la bluu kaliweka chini ya godoro lijinyooshe. Pasi ipo kabatini! Nikaitoa, nikaiweka mezani mbele yake, nikaichomeka. Akasema umeme wako utaisha bure, gauni limeshanyooka. Umeme wako. Nikachomoa.

Alhamisi, 14 Machi

Kaenda. Wamempokea vizuri, Mhariri Mkuu kamshika mkono mwenyewe toka garini. Kwenye sengenya kawachekesha mpaka Mzee Mizizi akapaliwa na maji. Kwenye suta kawaeleza kwamba humsuti mtu kwa kumnong'oneza, lazima wenzake wasikie, na hapo mfano kautoa wa jirani yake wa zamani aliyeiba kuku akasingizia mwewe. Nikaanza kupumua.

Kisha simanga. Mhariri Mkuu akamwambia Masikio aweke sauti yenyewe, mama asikie inavyotamkwa. Masikio akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasema mashine imegoma. Uongo mtupu — mashine ile aliitumia dakika chache nyuma. Mungu ambariki. Basi Mhariri Mkuu akaisoma kadi, neno kwa neno, nami niko kiti cha jirani natazama viatu vyangu.

Mama mdogo hakubabaika. Hilo simango, kasema. Mhariri Mkuu akauliza, si karipio? Maana kuna mwenzetu humu anashikilia kwamba ni karipio.

"Ukinikaripia kwa ajili ya sufuria, nitasugua sufuria," Mama mdogo akajibu. "Ukinisimanga, nisugue nini?"

Wote wakainama wakaandika. Kwenye kadi hakuna sufuria, mna vyombo tu. Sidhani kama yupo aliyegundua, zaidi ya Masikio, na yeye alikuwa anatazama dirishani.

Mhariri Mkuu akauliza, kwa uzoefu wako, anayesema maneno hayo ni mtu wa namna gani? Kasema: mtu aliyechoka. Na huwa anamwambia nani? Mama mdogo akafikiri. Kasema huwa anaambiwa asiye na pengine pa kwenda, kwa sababu mwenye pa kwenda angeshaondoka. Alisema bila uchungu, kama vile anaeleza jinsi ya kupinda gauni. Mhariri Mkuu akamshukuru. Akamuuliza la mwisho: je, mfano huu tuutie kitabuni?

"Muulizeni mwenye sauti," kasema.

Hakunitazama. Angenitazama ningekuwa na wa kumlaumu. Kilifuata kimya, na kimya kile kilikuwa zamu yangu, najua, Masikio anajua, yeye anajua. Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema chai iko tayari.

Wakaenda kunywa chai.

Garini wakati wa kurudi alimshukuru dereva, kisha akanishukuru mimi kwa kumpeleka. Kasema watu wa kazini kwangu ni wazuri, nikae nao vizuri.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemsikia anazungumza na mjomba kwenye simu. Sikuwa natega sikio, nilikuwa nampelekea chakula. Anamwambia: "Hajanifanya kitu, mtoto mzuri sana huyu, ananitunza, nataka kubadili hewa tu." Kubadili hewa! Mjomba ni fundi magari, anaishi nyuma ya gereji yake. Chumba alicho nacho cha kumpa mtu ni stoo ya vipuri, na choo kiko ng'ambo ya uwanja wenye oili na mashimo. Kwa nyonga ile! Akianguka mara moja kule, hainuki tena. Na hatarudi. Namjua. Akishaaga mahali, kaaga.

Mjomba anakuja Jumapili. Nilisimama pale mlangoni na sahani mpaka chakula kikapoa, kisha nikarudi nacho jikoni nikakila mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Anafunga vitu. Nimefua shuka zake. Nimesugua bafu. Nimemnunulia dawa ya kuchua, nikaiweka mlangoni kwake kama mtu anayeacha gazeti. Kila kitu nimefanya, isipokuwa kile kimoja. Nikijiuliza kwa nini, jibu ni la kitoto: nangoja aanze yeye. Anigombeze. Aniite mtovu wa fadhila, nilie, yaishe. Hagombezi. Amenibakizia kazi yote.

Mchana nilisimama mlangoni kwake. Akauliza, unahitaji kitu? Nikasema nilikuwa natafuta mkasi. Akanipa mkasi. Sina nguo ya kukata.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba kafika na pikapu ya gereji. Kakaa sebuleni anakunywa chai na kunitania kama kawaida yake: umemfanya nini dada yangu hata anakimbilia kwenye oili chafu? Mama mdogo kasema hajafanywa kitu, anywe chai yake. Mjomba akanigeukia.

"Na wewe fundi wa maneno, mbona leo umenyamaza?"

Mama mdogo akanitazama. Tangu Jumatano ile hajanitazama hivyo. Hana hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa ananingoja. Nilipokuwa mdogo, nikivunja kitu, hakuwa ananiuliza. Alikuwa anaendelea kushona, ananitupia jicho hilo hilo, mpaka niseme mwenyewe. Wakati mwingine ilichukua jioni nzima, na chakula hakipakuliwi.

Nikafungua mdomo. Nikasema nimesahau shuka la kufungia vitu, nikakimbilia chumbani.

Ndipo nilipo. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, shuka begani. Nimeona niliandike kwanza hapa, nione linavyokaa. Mama mdogo, nilikosea. Mama mdogo, nilikusimanga. La pili ndilo. La kwanza hata Mhariri Mkuu angelirudisha, linazunguka.

Mama mdogo, nilikusimanga, na hukuwa na pa kwenda, na nilijua.

Nawasikia. Mjomba kavuta kiti, anasema jua linapanda, wapakie waondoke. Vikombe vinakusanywa. Mkongojo umegonga sakafu, kasimama.

"Subiri kwanza," anamwambia. "Mwanangu yuko ndani. Anakuja."